Maji ya Majivu na Ndimu

Namshukuru Mungu kwa pumzi. Hapa Kianjai, nikisikia harufu ya maji ya majivu ya maganda ya ndizi, tuliyolainishia githeri ya mahindi na maharagwe, namwona mdogo wangu siku ile ameyabugia akidhani ni chai ya turungi, akilia bila sauti.

"Si wewe unasoma kemia?" mama alinishika, ndimu mkononi. "Nimpe?"

Nilijua asidi, kama ya ndimu, hutuliza besi, kama ya majivu. Nilikumbuka pia chupa ya maabara ilivyopata moto viganjani mwangu zilipokutana.

"Usimpe, mama! Itamchoma zaidi. Asukutue kwa maji, twende hospitali."

"Na akifa?"

Mama aliitupa ndimu, akambeba mtoto mgongoni, tukakimbia, akimwita Mungu, "Ngai, Ngai."

Leo mdogo wangu ndiye anayenipakulia githeri, akinikaribisha kwa sauti ya mkwaruzo iliyoachwa na maji yale. Wewe usomaye, Mungu akulindie watoto wako.