Biskuti za Lozi na Kopo Lililojaa Lenyewe

Mshonaji na mama mkwe wake walikuwa hawaivi chungu kimoja, na bahati mbaya jiko lao lilikuwa moja. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, oveni ilikuwa ya mama mkwe, na hata msumari wa kutundikia kitambaa cha mikono ulikuwa na mwenyewe. Mshonaji alikuwa na kona ya meza, bakuli la bluu na kopo la bati lenye lozi alizozisaga kwa mkono wake. Mara ngapi alimwomba mumewe watafute chumba chao. Mume alisema hawezi kumwacha mama yake peke yake, na hapo mazungumzo yakaisha.

Mama mkwe alikuwa muoka mikate. Kwa mikate hiyo alimlea mwanawe wa pekee baada ya kufiwa na mume, akamsomesha mpaka akawa fundi umeme. Mtoto alikua mwembamba kama ufito, tumbo haliishi kumsokota, na mama akawa anamwongezea mkate ili anenepe. Alipooa, mkewe akamkokota hadi hospitali. Daktari akasema ngano ndiyo inayomla matumbo, asiionje tena hata chembe. Mke alimshukuru Mungu. Mama alisikia jambo moja tu, kwamba amemlisha mwanawe sumu tangu meno yalipomwota. Daktari alikuwa mbali, basi hasira zote akazishusha kwa mkwe.

"Ugonjwa gani huo wa kukataa mkate?" aliwauliza wateja wake dirishani, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye cherehani. "Mwanangu alikuwa mzima. Kaoa, ndiyo kaugua."

Mshonaji naye hakuwa malaika. Ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake, na alikuwa na tabia ya kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa, polepole, mama mkwe akiwa anatazama. Biskuti za lozi alifundishwa na mteja mmoja, mama wa Kiitalia aliyekuja kushonewa mapazia. Hazina ngano kabisa: ni lozi zilizosagwa, sukari, ute wa mayai na ganda la limau lililokunwa. Nje zinapasukapasuka, ndani zinabaki laini za kunatanata menoni. Mume alipozila mara ya kwanza alifumba macho kwa utamu. Mama yake aliyaona macho hayo yakifumba, na vita vikaanzia hapo hasa.

Basi alasiri moja mshonaji alikuwa na haraka, mteja anasubiri sebuleni gauni lake lipigwe pasi. Akamimina lozi bakulini bila kuangalia, akatia sukari na ute uliopigwa mpaka ukatoa povu, akaanza kuchanganya kwa mkono. Mkono ndio uliomshtua. Donge la lozi huganda vidoleni kama gundi, usipolowesha viganja hulifinyangi. Hili lilijitoa bakulini lenyewe, likamwacha na vidole vikavu. Donge la namna hiyo alilijua. Lilikandwa kila alfajiri kwenye meza ile ile, na mkandaji hakuwa yeye.

Akafungua kopo. Jana alikuwa ameliacha nusu. Sasa lilikuwa limejaa karibu na mdomo, na kilichomo kilikuwa cheupe kuliko lozi zozote alizopata kusaga.

Damu ikamchemka. Alitaka kumwaga kila kitu sakafuni na kupiga kelele, lakini kelele alikwisha kupiga za kutosha katika nyumba ile. Mama mkwe angekana, kisha angelia, na mume angekaa katikati yao ameshika kichwa, kama kawaida yake. Akakata shauri. Akafinyanga vidonge, akavibingirisha kwenye sukari ya unga, akavioka. Viliiva vikiwa laini juu, bila hata ufa mmoja. Akaosha mikono mpaka viwiko, akampa mteja gauni lake, akasubiri.

Mume aliingia jioni na begi lake la vifaa. "Harufu nimeikuta mlangoni," alisema, akaketi.

"Zimeiva," mkewe alijibu. Sahani hakuiweka mezani, aliiweka magotini mwa mama mkwe. "Mama, leo mpe wewe. Kwa mkono wako."

Mama mkwe alimtazama, kisha akaitazama sahani. Mshonaji akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, karibu kiasi cha kuupiga mkono wake ukielekea mdomoni. Bibi huyu haamini ugonjwa, aliwaza. Atampa mwanawe bila wasiwasi, nami nitaipiga biskuti ianguke, na leo litasemwa lote.

"Haya Mama, nina njaa," mume alisema, akanyoosha mkono.

Mama mkwe akachukua biskuti moja, akaitia kinywani mwake mwenyewe. Akachukua ya pili kabla hajameza ya kwanza.

"Na mimi je?"

"Subiri."

Alikula nyingine, na nyingine, makombo yakimwagika kifuani, jasho likimtoka. Kila mwanawe aliponyoosha mkono aliupiga kofi. Mwanawe alicheka mpaka akashika mbavu. "Siku zote unazisema vibaya, kumbe ulikuwa unazitamani."

Mshonaji hakucheka. Alikuwa amejiandaa kupambana na mtu asiyeamini, na asiyeamini ni mjinga tu, unaweza kumsamehe. Huyu aliamini kila neno la daktari tangu siku ya kwanza. Alijua ngano itamlaza mwanawe kitandani, na bado aliitia, mradi iingie kwa mkono wa mke. Kwa mkono wake mwenyewe ndipo aliposhindwa. Mshonaji alimchukia kuliko alivyopata kumchukia mtu yeyote.

Sahani ikabaki tupu.

"Mume wangu," alisema, bila kumwondolea mama mkwe macho, "tafuta chumba. Kesho."

Mume akaacha kucheka. "Kuna nini tena?"

"Muulize mama yako kwa nini hakukubakizia hata moja."

Akamgeukia mama yake. Mama alikuwa bado na biskuti ya mwisho mdomoni, mashavu yamejaa. Hakuimeza, wala hakuitema.