Siku Niliyomvua Mama Mkwe Kitambaa

Nikikumbuka siku ile masikio bado yananichoma, lakini kwa kuwa mmeshaisikia kutoka kwa watu waliotia chumvi, afadhali niwasimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi kijana wa karakana ya reli Nakuru, nimemchumbia Rosa, binti wa mpishi wa shamba moja kando ya ziwa Naivasha. Sasa mimi na mdomo wangu nilikuwa nimemwambia babake kwamba kwetu tunazaliwa tukivua (kweli nilivua, lakini kwa kijiti na uzi wa gunia), naye mzee akasema, "Basi Jumapili njoo, utuvulie samaki wa mchana."

Nikakimbilia dukani. Mzee mwenye duka akanitolea fimbo fupi ya kuvulia, akaniambia, "Chukua hii bwana, ziwani inafaa, mtoni inafaa." Nikaitazama nikaona kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Mimi nilitaka ile ndefu iliyong'aa, yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi kinacholia krrrr, na chambo cha bati cha ndoano tatu, kwa sababu hesabu yangu ilikuwa ndoano tatu, samaki watatu. Nikailipia.

Jumapili tukateremka ziwani, Rosa, wazazi wake na akina mama waliotoka kanisani na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wote wamejipanga nyuma yangu kutazama. Nikakohoa kidogo, nikaipeleka fimbo nyuma kwa madaha, nikarusha, ndoano ikakwama. Nikadhani ni matete, nikavuta kwa nguvu zote, na hapo kitu cheupe kikapita juu ya kichwa changu kikatua majini.

Kugeuka, mama mkwe yuko kichwa wazi! Nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. (Kwetu mama mkwe hata kumtazama usoni ni kazi, sembuse kumvua kitambaa mbele ya kanisa zima.)

"Yesu wangu," Rosa akanong'ona.

Nikazungusha kigurudumu nikirudishe kitambaa haraka, mshipi ukajifunga mafundo, basi nikaingia majini na suruali yangu ya harusi za watu, nikateleza, nikakaa chini maji yakanifika kifuani, na fimbo ikaanza kunivuta. Kumbe samaki mkubwa ameona bati linameta pembeni mwa kitambaa, akalimeza! Nikakumbatia fimbo kama mtoto, nikatoka nikitambaa kinyumenyume, samaki na kitambaa pamoja.

Hakuna aliyecheka. Nikasimama pale nikitiririka maji, nikajua uchumba umekwisha, nitarudi Nakuru na treni ya jioni. Mama mkwe akajifunika leso, akamwangalia samaki, akaniangalia mimi.

"Rosa," akasema, "kitambaa kifue. Huyu baba, mpe chai asishikwe na homa. Samaki lete nimpare."

Ndipo mzee akaangua kicheko mpaka akaketi kwenye nyasi, na akina mama wote wakamfuata. Tulikula vizuri sana mchana ule, mimi nimevaa koti la jikoni la mzee, Rosa akinipita na sahani huku ameuma midomo asicheke.

Tulioana. Fimbo ndefu niliirudisha nikachukua ile fupi, na sijawahi kupenda nyingine. Ila mama mkwe akija kututembelea hata hiyo siigusi, samaki nanunua sokoni.