Mkebe Wenye Jino

Shule niliachia darasa la tatu, lakini soda nimeuza hapa Runyenjes mpaka nikajenga nyumba ya mawe. Kwa hivyo siku ya kupeleka posa ya kijana wangu kule Meru, mikebe ya soda niliichagua mwenyewe, vile mtu huchagua mbuzi wa mahari. Nilibonyeza kila mmoja tumboni. Ukiwa laini, gesi imetoka, huo ni mgonjwa. Yote ilikuwa migumu kama kichwa changu.

Tulipofika, mjomba wa msichana, mtu wa kiwanda ambaye kazi yake ni kukagua mikebe, akaanza kuishika mmoja mmoja. Anapitisha ukucha kwenye ukingo wa mfuniko, pale bati limekunjwa. Kwa wa saba akasimama.

"Muthoni," akaniita, yaani mkwe kwa lugha yetu, "huu una jino."

"Mkebe hauna meno, bwana."

"Mkunjo haukubana. Utavuja. Na desturi unaijua, hata kwa mikebe: mbuzi mmoja akiwa kiwete, wote wanarudi. Na nyinyi pia."

Kijana wangu akaniangalia kwa macho ya ndama. Mtu mwenye akili angebadilisha mkebe. Mimi nikasema, "Nauweka mfukoni, kichwa chini, mpaka maombi yaishe. Ukivuja, kiwete ni mimi."

Mchungaji wao akaombea mvua, kahawa, na watoto walio ng'ambo, kila mtu na nchi yake. Alipofika kwa majani chai nikasikia baridi pajani. Soda yenyewe nyekundu. Suruali rangi ya maziwa.

"Mzee, simama, watu wanaomba," mke wangu akaninong'oneza.

"Naomba nikiwa nimekaa."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Amina ikaja. Mjomba akasema, "Haya, muthoni, tuone."

Ningesingizia magoti. Lakini nilipomwangalia kijana, sikuweza. Nikasimama.

Nyanya wa msichana akapiga kelele, "Uuuwi! Mzee amejifungua!"

Nyumba yote ikaanguka kwa kicheko. "Umevuja," nikasema. "Mkebe ni mbovu, na jicho langu pia."

Mjomba alikuwa ameshika ukuta, machozi yanamtoka. "Kiwete hasimami hivyo," akasema. "Mbuzi hawa wa bati wabaki. Na huyu apewe chakula."

Msichana mwenyewe akaleta leso yake ya maua, akanifunga kiunoni mbele ya wote. Nilikula mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, nikiwa nimevaa maua.

Siku hizi dukani napitisha ukucha kwa kila mkebe. Leso sijarudisha, na asiulize mtu.