Makabidhiano ya Jovithe

Jovithe aliajiriwa na shirika moja la mtaa wa Rohero kwa sababu ya miguu yake iliyopooza, na kwa sababu ya miguu hiyohiyo hakupewa kazi. Mafaili yalikuwa ghorofani, na baiskeli yake ya magurudumu matatu haipandi ngazi. Basi wakamwekea meza chini ya ngazi, na kalamu mbili. Wageni wakija, walipiga picha naye.

Mwaka mzima alikaa pale, mtu aliyesomea kutunza nyaraka, akihesabu vidato vya ngazi: ishirini na viwili kupanda, ishirini na vitatu kushuka. Akaanza kuusalimu ukuta. Usingizi ukamkimbia, mikono ikawa inatetemeka, na nyumbani Cibitoke mkewe, Elvire, akamkuta akiiomba sufuria ruhusa ya kwenda chooni.

"Baba Espoir, we unaumwa," akasema. "Twende kwa munganga."

Daktari alimsikiliza kwa huruma, akaandika: kazi imemzidi, apumzike wiki mbili.

"Nipumzike nini, daktari?"

"Kazi."

"Ipi?"

Daktari akapiga muhuri.

Raïssa, katibu wa ofisi, akaisoma ile karatasi, akashuka nayo. "Mbele ya likizo, lazima remise-reprise. Unakabidhi kazi yako, mi napokea, tunatia sahihi wote wawili."

"Mi sina kazi, dada."

"Basi huwezi kwenda."

Shauri likapanda hadi kwa Bwana Zénon, mkurugenzi, aliyeuheshimu utaratibu kuliko mama mkwe wake. Akawaza asubuhi nzima, kisha akaamuru: Jovithe apewe kazi haraka, apate cha kukabidhi.

Mafaili mia tatu yakashuka mikononi mwa watu wanaohema, vumbi tupu, mialiko ya harusi imelala katikati ya mikataba. Jovithe akashika la kwanza. Kufikia Ijumaa mikono ilikuwa imetulia, usingizi umerudi, hata sufuria imepata amani.

Raïssa akashuka na fomu. "Haya, tia sahihi ukapumzike."

"Apana, dada. Nimemaliza herufi D tu."

"Lakini daktari kasema unaumwa!"

"Alisema kweli."

Akaichukua karatasi ya daktari, akaikunja mara nne, akainama polepole, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu siku ya kwanza. Meza ikatulia. Akavuta faili la herufi E.