Kumkagua Nekesa Katika Mji wa Hewa Safi

Mama aliniita kwake, mtaa wa Tena, Nairobi, kwa sababu ya barua. Dada yangu Nekesa, ambaye pumu imemtesa tangu tukiwa watoto, alikuwa anamaliza mwaka wa pili katika mji mdogo wa milimani huko Ulaya. Alipelekwa na familia aliyokuwa akiilelea mtoto, apate hewa ya kumtibu. Kila barua ilisema anaendelea vizuri, na Mama hakuamini hata moja.

"Wewe Barasa unauza mbuzi soko la Kiamaiko," akasema. "Hujawahi kuuziwa mbuzi mgonjwa. Nenda umwangalie. Akiwa mzima, rudi naye."

Tiketi Nekesa aliituma mwenyewe. Siku ya kuondoka, akina mama wa kanisa waliniombea pale uwanja wa ndege mpaka askari wa mlangoni akawa anaitikia amina. Nilibeba unga wa wimbi na omena, wale dagaa wakavu wa ziwani. Kwa sababu ya harufu ya omena, jirani yangu kwenye ndege aliomba kiti kingine, nami nikalala nikijinyoosha vizuri.

Kesho yake mchana, garimoshi dogo lilinipandisha mlimani. Nilipokewa na Bi Greta, mama mwenye nyumba aliyopanga Nekesa, na tulipokuwa tukitembea akanisimulia habari za mji. Zamani palikuwa malisho tu. Kisha daktari mmoja akagundua kwamba wachungaji wa hapo hawakohoi, na wagonjwa wa kifua wakaanza kumiminika kutoka kila nchi. Zikajengwa nyumba ndefu zenye roshani zinazotazama jua.

"Mbona mnara wa kanisa umepinda?" nikauliza.

"Upepo," akasema. "Au fundi alikuwa mlevi. Inategemea unamwuliza nani."

Alinionjesha maji ya chemchemi yao maarufu. Yananuka yai viza. Kwetu maji yakinuka hivyo tunalalamika; wao wameyajengea nguzo za marumaru. Mbuzi wao, lakini, siwezi kuwasema vibaya.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na makaburi, mengi ya vijana waliotoka mbali. "Si wote waliopona," Bi Greta akasema. Mzaha ukaniisha. Nikamwomba tuharakishe.

Saa tisa tulifika kwenye mojawapo ya zile nyumba ndefu. Juu kwenye roshani, watu kama kumi walikuwa wamelala safu moja katika baridi ile, wamefunikwa blanketi hadi puani, macho wameyafumba. Sikujua Nekesa ni yupi. Na kwetu humpiti mgonjwa bila kumwombea. Nikaanzia wa kwanza, mkono juu ya paji la uso, sauti juu. Kwa mzee wa tatu nilikuwa nimeshaanza kuukemea ugonjwa utoke alipofumbua macho, akamwuliza Bi Greta kama hiyo huduma imo kwenye bei.

"Barasa, wachana na hao watu." Nekesa alikuwa mlangoni na sinia la chai. "Hawa si wagonjwa. Hospitali ilifungwa kitambo, siku hizi ni hoteli. Mimi nafanya kazi hapa."

Alikuwa amepanda ngazi na sinia lile bila kifua kumbana. Nikamkagua: macho maangavu, mashavu yamejaa, pumzi imetulia. Mbuzi wa hivyo ningemchukua bila kubishana.

"Basi funga mizigo," nikamwambia. "Mama anangoja."

Akaweka sinia chini. "Hapa nalala usiku mzima, Barasa. Nyumbani nilikuwa nakaa kitandani nikitafuta pumzi hadi asubuhi. Nilishindwa kumwandikia Mama kwamba sirudi. Ndiyo nikakutumia tiketi, uone wewe."

Nilikasirika, sifichi. Siku mbili nilikula chakula chake nikiwa nimenuna. Siku ya tatu tulipanda kilima kwenda kutazama bonde, na kila kona nilimkuta amesimama akinisubiri, mimi nahema.

Jumapili nilifika kwa Mama, mtaani Tena. Mama alikuwa amepika kuku na kuandaa sahani tatu. Alitazama nyuma yangu, kuelekea geti, kwa muda mrefu.

"Kwani bado anaumwa?" akauliza.

"Hapana, Mama. Amepona. Ndiyo maana hakuja."