Mama Alivyopanga Jikoni Kwangu

Nilianza kumshuku mama kwa sababu ya chumvi. Nilikuwa nimemleta kwangu Voi kutoka Chawia, anakoishi peke yake, baada ya goti lake kuvimba. Siku moja nikaikuta chumvi kwenye droo iliyo karibu na mlango, pamoja na kiberiti na dawa za kichwa. Juu ya jiko la gesi alitundika kikapu cha mahindi ya mbegu. Chuoni nilisoma saikolojia kidogo, kiasi cha kutia watu hofu, si kiasi cha kuwatibu. Nikampigia dada yangu aliye Taveta: akili ya mama inapotea.

Tukakubaliana kwamba ikiwa ni kweli, hatarudi kuishi peke yake. Naye mama alitaka awe nyumbani kabla ya mvua, apande mwenyewe.

Basi nikawa mpelelezi. Kila droo niliikagua kama afisa wa forodha pale Holili. Nikamuuliza kimtego jana tulikula nini. Alikumbuka, na akakumbuka pia kwamba nilikiunguza chakula hicho.

Mwishowe nikampangia vitu kwenye sinia: chumvi, mwiko, kiberiti, kisu, dawa, hindi moja. Nikamwomba aweke pamoja vinavyofanana. Kichwani nilishakuwa na jibu: vya kula huku, vyombo kule.

“Huu ni mtihani?” akauliza.

Nikasema ni mchezo tu.

“Mchezo gani, na wewe umeshika kalamu?”

Hata hivyo akapanga. Chumvi, kiberiti na dawa akavisogeza pembeni, akaeleza kwamba hivyo ndivyo vitu ambavyo majirani huja kuomba. Kwake hukaa karibu na mlango, ili anayeomba asingoje huku macho yake yakizunguka ndani ya nyumba. Hindi akaliweka peke yake. Mbegu ni ya juu ya moto, moshi uilinde.

Nilifurahi, kisha nikashuku tena. Huenda alikuwa ameyatunga hapo hapo. Tena pale Voi hakuna jirani aliyewahi kubisha kuomba chochote.

“Mama, jiko hili ni la gesi. Halina moshi.”

“Nimeona,” akasema. “Wadudu nao wameona.”

Akanionyesha hindi. Lilikuwa na matundu upande mmoja. Wiki nzima alikuwa akiyageuza mahindi yale juu ya gesi, akingoja moshi ambao hauji, asiseme, maana alijua ninamchunguza na angeonekana amechanganyikiwa.

Dada alipopiga nikamwambia mama anarudi Jumamosi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema sina, ila mbegu zinaliwa.

Mama alikuwa chumbani akifunga mizigo. Nikasimama mlangoni kuchungulia anaweka nini na nini. Akanifungia mlango.