Wasifu wa Shangazi na Yule Mfaransa Mkaidi

Nilimsoma yule mwandishi Mfaransa chuoni, na darasa zima lilimchukia. Riwaya nzima, ati, ni chumba kimoja: meza, dirisha, kikombe kinasogezwa, kinasogezwa tena. Hakuna shujaa, hakuna kisa, hakuna funzo mwishoni. Yeye alishikilia kwamba maisha ya mtu hayaendi kama hadithi. Waandishi ndio huyafinyanga hivyo. Wenzangu wakasema hana moyo. Uongo mtupu. Kumtazama mtu kwa makini hivyo bila kumhukumu, huo ni nini kama si upendo?

Mwaka jana shangazi yangu alifariki Bungoma. Mimi nafundisha Kifaransa Kitale, kwa hiyo ukoo ukaamua kwamba mimi nijuaye kuandika ndiye niandike wasifu wa kusomwa mazishini. Kwetu wasifu una njia yake: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, ameacha watoto na wajukuu kadhaa. Shangazi hakuolewa wala hakuzaa. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa ameshanipa sentensi ya kufungia: marehemu hakujaliwa mtoto. Miaka sabini na ushei, halafu hiyo! Nilikasirika mno.

Basi nikafanya kama Mfaransa. Niliandika jiko la shangazi tu, asubuhi moja. Anachochea kuni. Anapepeta wimbi, makapi yanamrukia kichwani, hajali. Anaonja chai, anaongeza majani, anaonja tena. Anakaa mlangoni na kikombe chake, hamngoji mtu.

Siku ya mazishi nikasimama chini ya turubai nikasoma hayo. Minong'ono ikaanza. Mchungaji akatazama saa. Mwanamke mmoja aliyekuwa jirani ya shangazi aliitikia kwa kichwa akisema ndiyo, ndivyo alivyokuwa, lakini nyuma yake watu walicheka. Sikupepesa macho. Nilikuwa naogopa, sitadanganya, lakini niliendelea kusoma.

Baba mdogo akaja akasimama kando yangu. "Maliza, mama," akasema. "Sema hakuacha mtoto, twende kaburini."

Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu, kwa hiyo kila mtu alisikia nilivyomjibu.

"Baba mdogo, huyu mtu alifanya mambo kila siku ya maisha yake. Sitamzika kwa lile moja ambalo hakufanya."

Nikageuza karatasi, nikaanza ukurasa wa pili.